Kitanda Kilichobaki Riyadh

Jumatatu, 5 Januari. Riyadh

Nimebadilisha shuka la Layan mara ya pili. Amecheua tena. Shuka lazima livutwe mpaka lisibaki na kunjo hata moja. Mto mafi, yaani hakuna, ndivyo wasemavyo hapa. Blanketi mafi. Mdoli mafi. Mtoto alazwe chali, peke yake, ndani ya ile nguo yake iliyoshonwa kama mfuko, basi. Madam hupita nyuma yangu akabonyeza godoro kwa kiganja, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

Nilipokuja hapa nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Wangu watatu nimewalea Kitale kwenye kitanda changu, blanketi moja, na wote wako shuleni sasa. Halafu siku moja madam akaniambia habari ya dada yake. Alilala na mtoto wake mchanga, akaamka mtoto ni baridi. Sijacheka tena.

Jumatano tunakwenda Jeddah kwa mama yake madam. Kuna harusi ya kaka yake. Mimi nina furaha yangu mwenyewe: katoni ya kutuma nyumbani imejaa. Meli zinaondokea Jeddah, na wakala wa mizigo kule mtaa wa Hindawiyah ni Mkenya. Nikiipeleka hapa Riyadh, mtaa wa Batha, wataipandisha lori hadi kule kule Jeddah, na hiyo safari nilipie mimi. Madam amesema niibebe, nafasi ikipatikana.

Jumanne, 6 Januari

Nafasi haikupatikana. Otieno, dereva, amepakia gari jioni. Masanduku ya nguo za harusi, kigari cha mtoto, kitanda cha kukunja cha Layan. Katoni yangu akaizungusha huku na huku, haikuingia. "Pole, Rose. Itangoja safari ingine." Pole ya nini? Viatu vya shule vya mwanangu Brayo navyo vitangoja? Sikula.

Jumatano, 7 Januari. Jeddah

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Asubuhi Otieno aliingia jikoni kunywa chai. Gari lilikuwa wazi. Nilikitoa kitanda cha Layan, nikakisukuma chini ya ngazi nyuma ya ndoo, nikaweka katoni yangu mahali pake. Nikaifunika na abaya za madam. Nilijiambia nyumba kubwa kama ile ya Jeddah haiwezi kukosa kitanda cha mtoto. Nilikuwa na furaha, na njia yote nilikuwa naimba kichinichini.

Tumefika saa ya magharibi, jua linazama. Nyumba imejaa wageni. Kitanda cha mtoto hakuna. Madam akauliza cha kwetu kiko wapi. Otieno akaapa alikipakia kwa mikono yake. Bosi, mume wa madam, akamwambia mbele ya wote kwamba hana akili, akamwonyesha katoni: hii umeikumbuka, kitanda cha mwanangu umekisahau? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, Layan mikononi. Otieno akaitazama katoni, kisha akanitazama mimi, lakini hakunitaja. Nilitazama chini.

Alhamisi, 8 Januari

Jana usiku bosi alisema asubuhi atanunua kingine. Mama yake madam, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kabira, akakataa. Watoto wake wote walilala ubavuni mwake. Yaliyompata dada yake madam, anasema, yalikuwa kudra ya Mungu tu. Kitanda kikubwa kipo, mito ya kumzingira ipo, pesa za kutupa zimetoka wapi? Madam hakumjibu mama yake mbele ya wageni. Alikesha ameketi, Layan kifuani. Leo macho yake ni mekundu na ananishukuru kwa kumletea kahawa. Ananishukuru!

Otieno amenifuata jikoni. Bosi amemwambia tukirudi Riyadh, halas, basi, anakatiwa tiketi ya kurudi kwao. "Rose, si uliniona nikikiweka? Waambie tu." Nikamwambia sikuona vizuri. Akatoka. Huyu ndiye aliyenipeleka hospitali nilipoungua mkono, akanunua na dawa. Mimi ni mtu wa aina gani?

Bado ningeweza kusema. Nimezunguka na hilo neno mdomoni siku nzima. Naogopa kurudishwa nyumbani, na naogopa zaidi uso wa madam.

Ijumaa, 9 Januari

Mungu wangu.

Alasiri wanawake wote walikuwa wanapambwa. Madam alikuwa chumba cha nyuma na msichana wa kupaka uso. Layan akasinzia. Mama Kabira akamlaza katikati ya kitanda chake kikubwa, akampangia mito pande zote, ile minene ya mahameli, akanituma nikapige pasi nguo za wajukuu. Nilijua. Sitaki kujidanganya kwamba sikujua. Ana miezi mitano, amejifunza kujigeuza wiki hii hii. Lakini ningesema nini? Kwamba kitanda chake kiko wapi? Nikaenda.

Nilipiga pasi gauni la kwanza. La pili nikaliacha, pasi nikaizima, nikarudi mbio bila kujua kwa nini nakimbia.

Hakuwa katikati. Alikuwa ameteleza kwenye mwanya kati ya godoro na ubao wa kichwani, uso ndani ya mto. Hakuwa analia. Kulikuwa na sauti ndogo tu, kama ya mtu anayekoroma kwa mbali. Nilimvuta. Mwekundu, nywele zimelowa jasho, alama ya mshono wa mto shavuni. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Kisha akalia, nami nikakaa chini na kulia naye.

Hakuna aliyeona. Hilo nalo nililifikiria, nikiwa pale sakafuni na mtoto wa watu mikononi. Ningemfuta jasho, basi.

Nilimpeleka kwa madam. Jicho moja lilikuwa limepakwa rangi, la pili bado. Nilisema yote mbele ya wale wanawake: mto, mwanya, kitanda chini ya ngazi, katoni. Kiarabu changu kilinikwama, nikarudia ili aelewe. Hakunipiga. Alimchukua Layan kwa nguvu, akamnusa kichwani, akaniambia nitoke.

Wamempeleka hospitali. Mzima. Madam hakwenda harusini.

Jumamosi, 10 Januari

Hakuna anayesema nami. Mama Kabira ameshinda chumbani akilia. Mito ile ameitoa yote nje, imerundikwa kwenye baraza.

Sikuambiwa, lakini nilifanya. Nilichukua godoro jembamba la sebuleni, lile gumu la kuketia, nikaliweka sakafuni katikati ya chumba cha madam, mbali na ukuta, mbali na mapazia. Nikalivika shuka na kufunga ncha zake kwa chini. Nikaondoka. Nilipopita baadaye Layan alikuwa amelala juu yake, chali, mikono juu. Madam ameketi kando yake sakafuni. Aliniona, akausukuma mlango ukafungika.

Bosi amekwenda na Otieno kununua kitanda. Hakumwomba msamaha, mabosi hawaombi. Amemrudishia funguo za gari, na habari ya tiketi imekwisha.

Jioni nilimfuata Otieno gereji. Nilitaka anitukane, nijue pa kusimama. Alikuwa anafuta vioo. Hakugeuka. "Ungeniambia tu. Ile katoni ningeifunga juu ya gari."

Hilo tu. Kamba anayo, ipo chini ya kiti chake kila siku. Sikuwahi kumwuliza.

Jumatatu, 12 Januari. Riyadh

Tumerudi jana. Katoni imebaki Jeddah kwa mlinzi, ataikabidhi kwa wakala. Sikuikagua.

Sijafukuzwa. Bosi alitaka, madam amesema ningoje. Mimi sasa ni wa jikoni na nguo. Layan anamlaza mwenyewe, anamwogesha mwenyewe. Ile ofisi iliyonileta mimi itawaletea mwanamke mwingine wa kumlea mtoto. Madam hajanipigia kelele hata mara moja. Angepiga kelele ningepumua.

Asubuhi alishuka jikoni kuchukua maji ya moto, Layan begani. Yule mtoto akaniona. Akacheka kwa ufizi mtupu, akanyoosha mikono yote miwili kwangu kama kawaida yake. Yeye hajui.

Madam alisimama, akangoja aone nitafanya nini. Niliweka mikono yangu nyuma. Walipopanda juu nikamaliza kuosha vyombo.