Kifudu cha Mekatilili

Hodan, hebu sikia. Nimemwambia Mwalimu Hiribae wanafunzi wetu wamwigize Mekatilili, naye akainamisha kichwa. Kumbe aliwahi kujaribu, mwaka ule wa El Niño!

Alitaka wasichana wa Garsen wamjue mwanamke aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa ngoma ya kifudu. Akawafundisha ngoma yenyewe, kwa utaratibu wake wote. Hakujua kwamba kifudu huchezwa matangani. Hakujua, Hodan!

Bi Kadzo, Mgiriama jirani wa shule, akaisikia ngoma hiyo akiwa shambani. Binti yake, Sidi, alikuwa amelazwa hospitali ya Hola akingoja kujifungua, na tangu mafuriko yakate barabara hakuna habari iliyofika. Mama wa watu akaja mbio uwanjani, matope hadi magotini, analia.

"Mwalimu, habari imefika lini? Mbona mnamlilia mwanangu bila kuniambia?"

"Mama, huu ni mchezo wa shule tu. Hakuna aliyekufa."

Akacheka. Akacheka kabisa, Hodan, huku machozi yanamtiririka! Kisha akamshika mwalimu mkono, akamuuliza kwa upole:

"Kwa hiyo Sidi wangu yu hai?"

Wasichana wote wakamgeukia mwalimu wao. Naye hakuwa na habari yoyote ya Hola.