Kadi Isiyo na Tarehe

Salalah, Jumapili tarehe 6 Julai 2025
Tangu nitoke Kibiti: miaka sita, miezi mitatu na siku ishirini na sita

Mwanangu Warda,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako na jirani zetu wote wa Mchukwi. Mimi ni mzima. Mgongo tu unalalamika, nami nimeuzoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Huku msimu wa harifu umeingia. Ukungu unashuka kutoka mlimani na utakaa miezi mitatu. Mvua huioni ikinyesha, ila shati linalowa. Barabara ninayotandika vitofali ina minazi pande zote mbili, na ndani ya ukungu kila mnazi unaonekana nusu, mguu upo, kichwa hakuna. Jana niliinua uso nikaona mwanamke anapita na ungo kichwani, nikajisemea huyo anaelekea mtoni. Ukungu ulipofunguka kidogo, alikuwa Mwarabu mnene na mwavuli wake. Twalibu, yule Mpemba tunayekaa naye chumba kimoja, alicheka hadi akakaa chini.

Sasa swali lako. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema duka lenu la mikeka la mtandaoni limepata wateja wa Dar na Arusha, na wengi wanaulizia kadi za zawadi: mtu alipie, ampe bibi harusi, bibi harusi achague mkeka mwenyewe. Na umekuta programu tatu za kuuzia kadi hizo, hujui ushike ipi. Unaniuliza mimi wa darasa la tano, mpanga vitofali. Lakini hukukosea, maana kadi hiyo niliwahi kupewa.

Mwaka wangu wa pili huku, sikukuu ya Idi, bosi wa kwanza alitugawia kila mtu kadi ya duka moja kubwa. Ngumu, inang'aa kama dhahabu. Wenzangu walikwenda siku ileile wakanunua viatu. Mimi nikaiweka chini ya mto. Nilikuwa nalalia kitu ambacho bado hakijawa kitu. Leo ni vitenge, kesho ni manukato, keshokutwa ni cherehani, na vyote vya mama yako. Miaka miwili nilimnunulia mama yako dunia nzima kwa kadi ile. Siku nilipokwenda dukani nikachagua khanga. Msichana wa kaunta akaipitisha kadi kwenye mashine, akanirudishia. "Halas. Ilikufa mwaka jana." Ile khanga niliikunja vizuri nikairudisha nilipoitoa.

Kwa hiyo mimi nina swali moja tu: katika hizo tatu, ipi haifi?

Nijibu kwa mkono, upige picha unitumie, kama ninavyofanya mimi. Maneno ya kuchapa nayaona kama yameandikwa na mtu mwingine. Na mama yako bado anakuna nazi? Miaka sita, kila nikipiga simu niongee naye unaniambia anakuna nazi.

Baba yako,
Zaidi


Mchukwi, 19 Julai 2025

Shikamoo baba,

Natumaini mgongo umekupumzisha. Sisi hatujambo. Nimekaa nje karibu na geti la hospitali, maana hapa ndipo mtandao unaposhika.

Programu ya kwanza ni ya bei rahisi na kadi zake zina maua mazuri. Kadi inaisha baada ya miezi kumi na miwili. Hemedy, kijana wa Ikwiriri aliyetutengenezea duka, anaisifu hiyo. Anasema, "Dada Warda, kadi zilizosahaulika ndiyo faida yenyewe. Mtu kalipa, na nyinyi hamsuki kitu." Ya pili ni kubwa, ya wageni, lakini inapeleka kadi kwa barua pepe tu. Nani hapa ana barua pepe? Ya tatu haina maua, sura yake kama risiti. Inatuma namba nane kwa ujumbe wa kawaida, hata kwenye kitochi. Salio likibaki linabaki. Na haina tarehe ya mwisho. Ila inataka ada kila mwezi, tumeuza hatujauza. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio, bure.

Niliwauliza wasusi. Bi Shamsia akasema, "Ukindu ukatwe, ukauke, utiwe rangi, usukwe ukili, ukili ushonwe. Mkeka mmoja miezi miwili. Halafu kadi ife, na bibi harusi hajapata hata chumba cha kuutandika?"

Basi naijaribu ya tatu. Nahitaji mtu wa kununua kadi ya kwanza nione kama inafika. Naomba uwe wewe.

Barua yako nilimsomea mama, hadi pale kwenye kadi chini ya mto. Akauliza, "Cherehani ya aina gani?" Nikamwambia hukuandika. Akaendelea kukuna nazi.

Mwanao,
Warda


Salalah, 2 Agosti 2025

Marahaba mwanangu,

Afya njema, alhamdulillahi. Ukungu sasa umekuwa mzito hadi gari zinawasha taa mchana, na ngamia wanapita katikati ya barabara kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda.

Nimenunua. Twalibu amenisaidia kulipa. Programu ikauliza, kwa nani? Nikaandika Mwantum. Namba yake ya simu niliandika bila kuangalia popote. Halafu ikataka ujumbe, herufi zisizidi mia moja na sitini. Warda, huyo aliyepanga kipimo hicho hajawahi kukosa? Mara ya kwanza nilifika mia nne na nilikuwa bado sijatoka mlangoni kwetu.

Wewe siku ile ulikuwa shuleni, kwa hiyo nikueleze sawasawa. Nauli yangu ilipungua. Mama yako alikuwa shambani. Nikaukunja mkeka wa harusi yetu, ule wa zambarau na nyekundu aliosukiwa na mama yake, bibi yako Kudra, Mungu amrehemu. Nikauuza pale stendi ya Kibiti kwa mtu mwenye gari dogo, nikapanda basi. Sikumuaga mtu. Mama yako alirudi akakuta sakafu.

Nilichoandika mwisho ni hiki: "Mama Warda, niliuza mkeka wa mama yako nikaondoka bila kuaga. Chagua unaoutaka. Sio wa kulipa ule. Ni wa kuanzia. Zaidi." Zikabaki herufi arobaini. Nikaziacha.

Nilipolala nikaota nimeikunja barabara ninayoitandika. Vitofali vyote vimelainika, nimeiweka begani. Chini ya minazi maji ya mto wetu yamejaa hadi magotini, yale yenye udongo, ya vuguvugu. Kila mlango ninaopita wananiuliza, "Wa nani huo?" Nami najua ni wa nani, ila mdomo umejaa ukungu.

Baba yako,
Zaidi


Mchukwi, 20 Agosti 2025

Shikamoo baba,

Sote wazima. Kadi ilifika. Imefika vizuri mno.

Mama alikuwa barazani na wenzake, wanasuka. Kitochi kikalia. Miwani ilikuwa ndani, akampa simu Bi Shamsia amsomee. Na Bi Shamsia alisoma kwa sauti, baba, kama anatoa hotuba. Hadi jina lako.

Mama akamaliza mstari wake wa ukili. Kisha akasema, "Kumbe! Aliuza mkeka wangu, sasa kanipa ruhusa ya kununua mkeka. Na mikeka iliyomo dukani nimeisuka mimi."

"Chukua basi mwenzangu," Bi Shamsia akamwambia, "ujinunue mwenyewe!"

Walicheka hadi kuku wakakimbia. Mama naye alicheka, lakini aliwahi kuacha. Mimi na wewe hatukulifikiria hilo, baba. Tumempa msusi kadi ya kuchagua kazi ya mikono yake.

Ila ujumbe hakuufuta. Na kwenye programu kuna ukurasa unaoonyesha kila kadi ilipofikia. Yako imeandikwa "Haijatumika". Naiangalia kila asubuhi.

Mwanao,
Warda


Salalah, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Warda,

Nilikuandikia mwezi uliopita, sijapata jibu. Natumaini ni mtandao tu na si ugonjwa.

Ukungu umeondoka. Milima imerudi kuwa mawe, na minazi ina vichwa. Usingizi wangu nao umekuwa mkavu, sioti tena nyumbani.

Kosa langu naliona. Kama ada ya programu hiyo itawaelemea majaribio yakiisha, hamia ile ya maua. Usiibebe kwa ajili ya kadi moja. Mimi nimeshazoea kadi kufa.

Baba yako,
Zaidi


Salalah, 23 Novemba 2025

Warda,

Simu yako haipatikani, na ya mama yako pia. Mko wazima? Andika hata neno moja. Hata hilo la "Haijatumika".

Baba


Mchukwi, 21 Desemba 2025

Shikamoo baba yangu,

Nisamehe. Wote ni wazima, na nitakueleza yote.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, barua yako imeshafika, mama aliamka akasema tunakwenda Mohoro kwa mjomba. Hakusema kufanya nini. Kumbe kukata ukindu. Tulikaa huko wiki nyingi, tunakata na kuanika, tunalala kwenye harufu ya majani mabichi. Simu yangu iliingia majini siku ya tatu. Ya mama aliizima mwenyewe, ati inamla akili.

Lakini nisikufiche. Nilikuwa naweza kuazima simu nikakuandikia, nikaogopa. Majaribio yaliisha tukiwa huko, tukapewa mwezi mmoja tu wa kulipa ada, Hemedy kaniambia nihamie ya maua, na barua yako ikaniambia vilevile. Kadi yako ingehamishiwa huko na kuanza kuhesabiwa miezi. Nilishakubali, baba. Nilibakiza kumwambia Hemedy tu.

Tunarudi ndani ya basi, mama katikati ya mizigo ya ukindu, akaniuliza, "Ile kadi ya baba yako bado hai?" Nikamjibu bado. Akauliza, "Hata mwakani?" Nikageukia dirishani. Akanitazama. "Mie nilitaka kuona itangoja au itachoka," akasema. "Yeye alichoka siku moja tu."

Siku ya pili nililipa ada ya mwaka mzima. Hemedy akaniambia, "Dada, umenunua hasara." Nikamwambia hata hasara ina wateja wake.

Sasa sikiliza ya jana. Mama alikuja mezani kwangu, kavaa miwani, kashika kitochi. "Mimi mteja," akasema. "Usiniite mama." Akazisoma namba nane, moja moja. Programu ikazikubali.

"Karibu Bi Mwantum. Unataka mkeka gani?"

"Wa watu wawili."

"Rangi?"

"Zambarau na nyekundu."

"Tukusukie maneno pembeni?"

"Hapana. Zile herufi zake zinatosha."

"Asuke nani?"

"Mimi. Sasa nani mwingine?"

"Salio litabaki kidogo."

"Liache humo. Si umesema halifi?"

Nikamuuliza mkeka upelekwe wapi. Akavua miwani. "Hapelekewi mtu. Aliyelipa ndiye atakayeufuata. Asitume rafiki wala dereva wa basi. Aje mwenyewe, asimame hapa, atoe namba zake."

Nimeandika hivyo. Sasa ukurasa unasema "Imetumika. Mteja atafuata". Mama kaanza ukili wa kwanza leo asubuhi. Anasema utakuwa tayari katikati ya mwezi wa pili.

Mwanao,
Warda


Salalah, Jumapili tarehe 4 Januari 2026

Mwanangu Warda,

Barua yako imenikuta mzima, na imeniacha mzima zaidi. Niliisoma kazini nimekaa juu ya rundo la vitofali. Twalibu akauliza kama nimefiwa. Nikampa asome. Aliposoma akanirudishia, akavua glavu, akanipa mkono kama siku ya Idi.

Bosi alileta karatasi ya miaka miwili mingine. Nikamwambia sitii sahihi, nina mzigo wangu nyumbani nimeitwa kuufuata. Akauliza mzigo gani unaomtoa mtu kazini. Nikamwambia mkeka. Alinitazama kama mimi nilivyomtazama yule wa mwavuli siku ya ukungu.

Ndoto imerudi, na ukungu haupo. Maji yaleyale, minazi ileile. Safari hii begani sina kitu, natembea mikono mitupu, na wale wa milangoni hawaniulizi. Wananionyesha njia kwa kidole.

Namba nane nimezikariri. Nikifika, niulize kama unavyomuuliza mteja yeyote. Na mwambie mama yako nazi za siku hiyo aziache. Nitazikuna mimi.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Tiketi ninayo. Kabla ya mwezi wa kufunga, Jumamosi tarehe 14 Februari, Mungu akipenda, nitashuka stendi ya Kibiti, palepale nilipopandia.

Mteja wako, na baba yako,
Zaidi