Vikengele vya Mama Vyenye Moyo wa Njano

Friesland, Februari

Dada yangu Baukje,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kanada, na goti lako limeacha ukorofi. Sisi hatujambo. Wietske wangu amepandishwa cheo tena shuleni kwao, sasa ni msaidizi wa mwalimu mkuu. Sijisifu, lakini nitajie mtoto mwingine wa kijiji hiki aliyefika hapo akiwa na umri wake.

Habari ya bustani ndiyo mbaya. Vile vikengele vya theluji vya marehemu mama, yale maua madogo meupe yenye moyo wa njano, vimekufa. Ugonjwa wa ukungu wa kijivu uliviingia mwaka jana, na safari hii theluji ilipoyeyuka hakikuchomoza hata kimoja. Nilichimba nikakuta vile vitunguu vyake vya ardhini, viotavyo maua, vimekuwa uji. Unajua mama alikataza visivuke uzio, nami nikashika neno lake. Na Jumamosi ijayo ndiyo siku ya kijiji kufungulia wageni bustani. Watu huja kwangu kuvitazama hivyo tu.

Nilipompigia simu Wietske kumweleza, aliniomba nisikasirike. Kumbe miaka mitatu iliyopita alichimbua kishungi kimoja, majani yakiwa bado mabichi, akampa Sjoukje, huyu jirani wa ng'ambo ya mfereji ninayeshindana naye kila mwaka! Nikamuuliza, kati ya watu wote hawa, umemwona Sjoukje tu? Akanijibu kwamba ua linalokaa bustani moja tu limeshakufa nusu, na kwamba Sjoukje ana mkono mzuri kuliko wangu. Mtoto huyo!

Nikavaa viatu vyangu vya mbao nikaenda. Sjoukje akanipokea kwa kicheko: “Karibu, jirani. Nilikuwa najiuliza utakuja na jembe au na ugomvi.”

Vipo, dada. Chini ya mtufaha wake, vimejaa hata majani ya mwaka jana hayaonekani. Niliinama nikatazama mioyo yake: ya njano. Sjoukje akasema nusu ni yangu, ila kama nijuavyo, havihamishwi maua yakiwa juu; ningoje yanyauke.

Basi Jumamosi lango langu litafungwa. Nitasimama langoni kwa Sjoukje tangu asubuhi, nimweleze kila aingiaye kwamba haya ni maua ya mama yetu, na aliyeyaokoa ni binti yangu. Sjoukje amekubali, mradi nije na keki, na nimwache naye aseme kidogo.

Wasalimie shemeji na wajukuu, uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Tjitske