Gari Dogo la Dada na Mchanga wa Baba

Jumapili, Desemba. Rumonge. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa sita, na sasa ziwa limetulia, lina rangi ya bati jipya.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Jumatano iliyopita nilimsomea baba ujumbe ambao haukuwepo.

Acha nieleze vizuri. Kwetu barua ni kazi ya watu wawili. Wazazi wangu walianza hivyo kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla sijazaliwa: mkubwa anasema, mtoto anaandika, kisha mtoto anasoma kwa sauti neno kwa neno, na mkubwa akisema "ndiyo, ni hivyo" ndipo barua inafungwa. Siku hizi tunatumia simu, lakini desturi haijabadilika. Baba anajua kusoma, ila vidole vyake ni vya dereva, vinabonyeza herufi tatu kwa pamoja. Zamani aliyemwandikia ni dada yangu Nadège. Nadège alipoenda Kanada, kazi ikawa yangu.

Nadège anatunza wazee katika nyumba moja iliyo juu ya kilima, kwenye mji mdogo. Bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Asubuhi mapema hakuna basi la kufika kule, kwa hiyo ana gari lake, jekundu, la zamani, dogo kiasi kwamba baba alipoona picha aliuliza kama linauzwa pamoja na mtu ndani, kama la kuchezea. Jumatano alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa analia. Theluji ya kwanza ingeanguka mwisho wa wiki, na kilima kile hugeuka barafu tupu. Wenzake wana magari makubwa. Mmoja alimwambia kwamba na hako kagari atabaki chini, au atateleza mpaka bondeni. Ameshachelewa zamu mara mbili. Mara ya tatu wanamwachisha kazi.

"Papa, nifanye nini?"

Baba hajawahi kuona theluji. Anaendesha pikapu, anachukua bidoni za mafuta ya mawese kule milima ya Bugarama na kuzishusha Rumonge. Lakini mbele ya mashine za kukamulia kuna kipande cha barabara ambapo mafuta humwagika kila siku, na mvua ikichanganya mafuta yale na udongo mwekundu, hata mbuzi huanguka. Baba hupita pale tangu nikiwa mdogo. Alisugua magoti, kisha akaanza kusema nami nikaandika. Yeye gia huiita vitesi, injini moteri, na buti la nyuma la gari kofre.

"Mwambie aondoke na vitesi ya pili, si ya kwanza. Mguu uwe mwepesi, kama anapita karibu na mutoto amelala. Kwenye mteremko asikanyage freni kwa nguvu, aache moteri imuzuie. Na akianza kupanda asisimame, hata akiona mjomba wake barabarani. Mjomba atasalimiwa akirudi."

Nilikuwa naandika huku nashangaa, kwa sababu yote yale nilikuwa nimeyasoma.

Hiyo ndiyo siri yangu ya pili. Katika maktaba ya shule kuna katoni ya vitabu tulivyopewa msaada, na ndani yake kuna kitabu cha Kifaransa cha kufundisha watu kuendesha gari wakati wa baridi kali. Hakuna anayekiazima. Nani atakihitaji Rumonge? Mimi nimekiazima na kukisoma mara nne, hata sasa kiko nyumbani. Nakifunika kwa daftari la biolojia ili wasinicheke. Ndicho kilichonifundisha kwamba theluji mpya, theluji iliyokanyagwa na barafu ni vitu vitatu tofauti. Kinasema pia kwamba gari dogo si maskini kama linavyoonekana. Mapine yake membamba hukata theluji yakafika chini, wakati mapine mapana huelea juu. Uzito wake ni mdogo, kwa hiyo kulisimamisha si vita. Na injini yake imekaa juu ya magurudumu yaleyale yanayovuta. Udhaifu wake ni tumbo: theluji ikiwa nene sana, tumbo linakaa juu yake na magurudumu yanabaki yakizunguka bure.

Baba, mtu wa mawese na matope, alikuwa anasema maneno ya kitabu hicho bila kukijua.

Kisha akasema, "Na aweke mifuko miwili ya mchanga mu kofre, kule nyuma kabisa. Gari ikikaa chini nyuma, inashika."

Kidole changu kikasimama.

Kwa pikapu ya baba ni kweli. Ile inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na siku akipanda bila mzigo nimemwona akipakia pipa la maji ili isiteleze. Lakini gari la Nadège linavutwa na magurudumu ya mbele. Ukilikalisha chini nyuma, pua inakuwa nyepesi, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayopoteza nguvu. Kitabu kina mchoro wake.

Ningesema tu, "Baba, samahani."

Sikusema. Mimi ndiye yule ambaye darasani anajua jibu na anangoja mwingine alitoe. Tena Baba Hamisi, jirani yetu fundi wa magari, alikuwa amekaa pale kwenye benchi akitikisa kichwa kukubali. Nimrekebishe baba kuhusu magari, mbele ya Baba Hamisi?

Nikaandika hivi: *Kofre iache tupu, gari lako linavutwa na mbele. Chukua mfuko mdogo mmoja tu wa mchanga, wa kumwaga chini ya gurudumu likikwama, na koleo.* Kisha nikamsomea baba ujumbe wote kwa sauti. Nilipofika hapo macho yangu yaliona "kofre iache tupu", na mdomo wangu ukasema "mifuko miwili ya mchanga, kule nyuma kabisa".

"Ndiyo, ni hivyo," baba akasema.

Nikatuma.

Siku nne sikulala vizuri. Je, kama kitabu ni cha zamani? Kama nimekielewa vibaya? Dada angeteleza kwa maneno yangu huku akiamini ni ya baba.

Leo saa nane mchana video ikaingia. Kule ilikuwa asubuhi. Tulikusanyika kwenye simu moja, baba, mama, Baba Hamisi na mimi nyuma yao. Nadège alikuwa ameifunga simu mbele ya kioo cha gari.

Sijui niandikeje nilichokiona. Kila kitu kilikuwa cheupe, kama mtu ameanika unga wa muhogo juu ya nchi nzima, juu ya paa, matawi, waya za umeme. Na kimya! Mvua yetu inapiga mabati mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Ile ilikuwa inaanguka nyingi namna ile bila sauti hata kidogo. Kilichosikika ni mapine tu, yakikanyaga taratibu, na Nadège akijisemea kwa pumzi, "Vitesi ya pili. Mutoto amelala. Mutoto amelala."

Katikati ya kilima kulikuwa na jeep kubwa nyeusi imelala kando, nusu ndani ya mtaro, taa zinawaka. Mama akashika mdomo. Pua ndogo nyekundu ya gari lake ikasita, ikayumba kidogo kushoto, ikanyooka, ikapita. Haikukimbia. Ilipanda tu kama mdudu anayepanda ukuta, haijali ukuta ni mrefu kiasi gani. Juu kabisa kulikuwa na nyumba yenye madirisha ya njano, na Nadège akapiga kelele peke yake ndani ya gari.

Mimi nilikuwa nalia, sikujua.

Mama akasema, "Mungu wangu, kagari kenyewe kama sahani!"

Halafu Nadège akageuza simu tukauona uso wake. "Papa, murakoze cane, asante sana! Lakini ulijuaje kama gari yangu inavutwa na mbele? Nilikuwa nimeshapakia matofali mu kofre, nikayatoa juu ya maneno yako. Fundi wa hapa amesema ni wewe umeniokoa."

Video ikaisha.

Baba Hamisi akageuka polepole. "Eh, Baba Nadège. Si ulisema mchanga uende mu kofre? Niliskia na masikio haya mawili, siku ile nilikuwa sijanywa hata chai."

Baba akageuka. Aliniangalia mimi. Hakukunja uso, aliniangalia tu, kama anavyoangalia barabara mvua inapoanza. Kisha akasema, "Basi kunywa chai leo, Baba Hamisi," na wote wakacheka, akatoka nje.

Hajaniuliza chochote, na hilo ni zito kuliko kugombezwa. Naandika haya nikimsikia nje anaosha pikapu. Ninachoogopa si fimbo, baba hapigi. Naogopa kwamba kuanzia leo, kila nitakapomsomea ujumbe wake, atakuwa anajiuliza kama upo.

Naacha hapa kidogo.

Saa kumi na moja jioni. Nimerudi.

Nilichukua kitabu na simu nikaenda nje. Nilimwambia baba yote, nikitazama ndoo. Alisugua mlango wa pikapu mpaka nikamaliza.

"Nilijua tangu video," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Kwa nini siku ile hukusema?"

"Baba Hamisi alikuwepo."

"Ungesema mbele yake ningekasirika mpaka kesho yake asubuhi. Basi, ingekuwa imeisha. Lakini ukinisomea kitu ambacho hakiko, mimi nitaongea na mutoto wangu namna gani?"

Nilisema, "Nisamehe, baba." Akaitikia kwa kichwa, akakausha mikono kwenye suruali, akaomba kuona mchoro. Alifuata mstari kwa kidole kutoka injini hadi magurudumu, akarudi, akafuata tena.

"Kumbe moteri inakalia mapine yanayovuta," akasema taratibu. "Na sisi tulikuwa tunakacheka. Hako kagari kana akili, sha."

Kisha akakaa kwenye ngazi ya nyumba, mahali anapokaa siku zote akitaka kuandika. Nikakaa pembeni yake, nikawasha simu.

"Andika," akasema. "Nadège, maneno ya kofre yalikuwa ya mdogo wako, alisoma mu kitabu. Mengine yote yalikuwa yangu. Endelea na vitesi ya pili."

Niliandika hivyo hivyo. Nikamsomea, nikimshikia simu mahali anapoweza kuona, kidole changu kikipita chini ya kila neno.

"Ndiyo, ni hivyo," baba akasema.

Nikatuma.