Vidonge Ndani ya Kiatu cha Harusi

Wanangu,

Wali uko kwenye sufuria, upasheni. Baba yenu yuko hospitali. Presha imempanda asubuhi, akaanguka bafuni. Sasa anaongea.

Wakati natafuta kadi yake ya kliniki, nimekuta vidonge vya mwezi mzima ndani ya kiatu chake cha harusi, havijaguswa. Eti aliacha kuvimeza kwa sababu zambarau na mapera yangu yana antioksidanti za kulinda moyo. Nani kamwambia? Mimi, kila siku, nikiyapigia debe kwa wateja. Mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza cha mwenzangu.

~~Ile karatasi ya "Matunda ni kinga" ibandueni ukutani.~~ Iacheni. Andikeni chini yake, kwa herufi kubwa: "Pamoja na vidonge."

Mama yenu, muuza matunda