Sigara ya Mzee wa Kibugu

Mama Wambeti,

Githeri iko kwa jiko, ongeza maji isishike chini. Chai nimekuwekea kwa thamosi, maana umeenda soko bila kunywa na bila kunisemesha.

Ile sigara uliyotoa kwa mfuko wa yunifomu yangu ukipiga pasi, ukaivunja mbele yangu, si yangu. Ni ya mzee mmoja wa Kibugu, mgonjwa wa kifua kwa wodi ninayofanyia mazoezi ya unesi. Nilipomkataza kuvuta alininusa, akasema, "Kijana, unanuka kama mimi." Akanipa hiyo yake ya mwisho. Tukapatana: nikimrudishia nzima siku akienda nyumbani, mimi nikiwa nimeacha, naye ataacha. Wiki tatu nimetembea nayo. ~~Sijawahi hata kuinusa.~~ Hapo nimekata. Juzi niliinusa, nikairudisha mfukoni.

Mvua ikianza toa nguo kwa kamba.

Mzee anatoka leo. Vile vipande viwili nimeviunga na plasta, sasa sigara imekaa kama mguu uliovunjika. Akiuliza, nitamwambia nyumbani kwangu kuna sista mkali kuliko wote wa wodini.

Baba Wambeti