Kipengele cha Tisa cha Mkataba wa Marehemu Abdala

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Leo nimekutana na mwandiko wangu mwenyewe na sikuupenda. Mimi! Bashiri ambaye ile B yangu yenye mkia Nachingwea nzima wanaijua, hata meneja wa benki hana mkia kama ule.

Bwana Apolinari kaja kutoka Ruangwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule, huku ana nyumba moja, ile aliyokuwa anapanga marehemu Abdala fundi baiskeli. Kaweka mkataba juu ya meza yangu hapa barazani kwenye steshenari. Akasema: Wakili (ndivyo wanavyoniita, chuo cha sheria sijakanyaga), soma cha tisa. Nikasoma kwa sauti, watu wasikie: "Mpangaji akifariki, mkataba huu unakoma siku hiyo hiyo." Nani kaandika? Mimi. Akasema, basi mwambie mama wa watu atoke, Jumamosi naja na kufuli.

Abdala ana wiki tatu kaburini! Mjane wake, Bi Kulthumu, yuko eda. Miezi minne na siku kumi hahami nyumba aliyofiwa. Apolinari kakaa na sisi miaka kumi na tano, anajua. Kasema eda hata kwao Bi Kulthumu, Lionja, inakalika.

Ukweli wa cha tisa naujua peke yangu, na sasa daftari hili. Nilikiokota Kariakoo kwenye mkataba wa kukodi jenereta. Kilisema kifaa kikiharibika, mkataba unakoma. Nikaona kina uzito. Nikatoa kifaa, nikaweka mpangaji. Tangu hapo nakitia kila mahali — vyumba, mashamba, walinzi, wadada wa kazi. Watu wakashangilia: Wakili huyu anafikiria mpaka kifo! Nami nikavimba.

Jumanne, 6 Agosti 2024

Nimekwenda kwa Bi Kulthumu. Yeye ndani, mimi nje, pazia katikati. Nimejieleza kama redio. Nimesema nimeishi Dar miaka sita, nimefika Nampula na Lusaka, hakuna mwenye nyumba wa kunishinda maneno.

Kauliza: Shemeji, siku ile mnaandika, Abdala alikijua hicho cha tisa?

Nikakohoa. Nikasema salfa hiyo, dawa wanayopulizia mikorosho, upepo unaileta.

Abdala hakujua kusoma. Alitia dole gumba. Nilimsomea juu juu — kodi, choo, maji, nani anapaka chokaa. Kodi imelipwa mpaka Desemba, hilo nilimsomea vizuri. Baada ya hapo njaa iliniuma, na mezani palikuwa na pweza wa kukaanga. Nikasema "na kadhalika". Yeye akacheka, akabonyeza.

Jumatano, 7 Agosti 2024

Ruangwa. Fedheha!

Nimeingia dukani kwa Apolinari kifua mbele. Nikamwambia, bosi, dini haichezewi, namuweka Shehe wetu wa Nachingwea hewani kwa simu, wasikie wote. Nikabonyeza spika. Mafundi rangi wakasogea, na mama mmoja aliyekuja kununua bawaba. Nikamuuliza Shehe: mjane anaweza kutolewa kwenye nyumba akiwa ndani ya eda? Shehe kajibu taratibu, na kwa urefu: Hatakiwi kutoka. Ila akishurutishwa, kwa mfano mwenye nyumba akimtoa, hiyo ni dharura. Anahamia penye usalama, anamalizia huko.

Nilibonyeza kuzima, nikagusa pengine, sauti ikapanda: ANAMALIZIA HUKO!

Apolinari kanishika bega. "Ahsante, Wakili. Umenisafirishia shahidi mpaka dukani." Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Halafu, na hili ndilo linaniuma, akaninunulia soda akaniambia shida yake. Binti yake Rosa kapangiwa uuguzi Nachingwea, analala kwenye chumba cha mwenzake, chini, na mimba ya miezi saba. Mimi si mnyama, Bashiri. Nina nyumba moja huko. Wewe ndiye uliyeniambia karatasi hii hainiachi hata mtu akifa.

Nilisema hivyo. Niliyasema maneno hayo hayo.

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Nimevaa shati la mikono mirefu, nimekwenda kumtafuta Felomena, msaidizi wa kisheria. Ofisi imefungwa. Nane Nane! Nchi nzima inawapongeza wakulima, mimi natembea juani na bahasha.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Nimempata. Kadada kadogo, miwani, hana hata meza ya maana — lakini kichwa! Sikupenda jinsi anavyojua.

Kasoma mkataba mara moja. Kauliza nani mwanasheria aliyeandika. Nikasema rafiki. Kasema huyo rafiki ana mwandiko mzuri na masikio mabaya. (Kanijua. Ile B!)

Anavyosema: hata mkataba ukiisha, hakuna ruhusa ya kumtoa mtu kwa kufuli. Kuna notisi, na mwenye nyumba akitaka kumtoa kwa nguvu lazima awe na amri, na amri inatoka Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Mtu anaanzia baraza la kata, lakini siku hizi kata wanasuluhisha tu, hawatoi hukumu. Nikasema hayo nilikuwa nayajua. Kasema vizuri, basi na hili unalijua: mtu asiyejua kusoma, ukimsomea nusu karatasi, huwezi kusema kakubali yote. Watataka kumsikia aliyesoma. Huyo rafiki yako atakuja?

Nikasema anasafiri sana.

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Hakuleta kufuli. Kaleta fundi, wameng'oa mlango!

Saa tatu asubuhi. Mlango umepakiwa kwenye guta, unakwenda zake. Bi Kulthumu ndani na kanga nyeupe, barabara nzima inamwona. Mwanamke wa eda! Majirani wamekuja na mikeka wakakaa kizingitini, wamepanga migongo kama ukuta. Mama Saada kampigia kelele fundi: ng'oa na huu, akajipiga kifuani. Fundi kakimbia mpaka kasahau nyundo.

Mimi nilisimama na maneno yote ya Lusaka na Nampula, hakuna hata moja lililofaa. Nikarudi nyumbani, nikang'oa mlango wetu wa jikoni. Yasmini kanikuta nimeubeba kichwani.

"Unakwenda wapi na mlango wangu?"

Kwa Bi Kulthumu.

Kaniangalia. Kaleta misumari. Mke wangu huyu! Akasema tu: na mbuzi wa jirani wakila unga, wewe ndiye utakayewafungulia shauri.

Mlango ni mfupi. Chini umeacha nafasi ya shibiri nzima, nimeziba kwa gunia. Bi Kulthumu akasema nyuma ya mbao: Mungu akulipe, shemeji. Nimeondoka haraka. Shukrani ile nilishindwa kuimeza.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Mbuzi wameingia. Wamekula unga.

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Felomena kamwandikia Bi Kulthumu malalamiko, yamefika kata. Shahidi: Bashiri. Hakuniuliza! Nimempigia kulalamika. Kasema, bwana Bashiri, siwezi kukwambia useme nini. Useme kilichotokea.

Yasmini kapiga hesabu yangu kwa maneno mawili. Ukisema ulimsomea, unabaki Wakili na mama anahama. Ukisema hukumsomea, mama ana pa kusimamia, na kila mwenye karatasi yako atakuja kwenye ile meza.

Nikamwambia watu wa hapa wananipenda.

"Ndiyo maana walitia dole gumba," kasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Alhamisi, 22 Agosti 2024

Naandika hapa kwenye benchi nje ya baraza la kata. Wamekwenda kuswali adhuhuri.

Asubuhi kasema Apolinari. Kasema vizuri, bila ugomvi. Rosa alikuwepo, tumbo mbele, anaangalia chini. Apolinari kaomba radhi kwa mlango, lakini karatasi ni karatasi, marehemu aliikubali, na Wakili alimsomea, muulizeni. Mwenyekiti kanigeukia: ulimsomea cha tisa? Nikafungua mdomo. Adhana ikaanza. Sijawahi kuipenda adhana kiasi kile.

Habari zimesambaa. Mabenchi yamejaa, na si kwa ajili ya Bi Kulthumu. Nimehesabu watu kumi na mmoja, kila mmoja na karatasi iliyokunjwa. Wametoka Nambambo, wametoka Lionja. Mikia ya B naiona mpaka kwenye mifuko ya mashati.

Apolinari kapita mbele yangu, kasema taratibu: Bashiri, usiogope, wewe sema ulichoniambia mimi. Maana yake nini, sijui. Na yeye nilimdanganya kwamba karatasi ile haimwachi.

Mzee mmoja kakaa kando yangu. Katoka Kilimarondo tangu jana. Nilimwandikia mkataba wa shamba, kakodi kwa miaka mitano, kafyeka mwenyewe, tembo kawafukuza mwenyewe. Ana watoto saba. Anakohoa sana. Kafungua karatasi, kaipapasa, kanipa.

"Wakili, nisomee yote. Mpaka chini."

Nikasema mzee, siku ile tulisoma. Kasema siku ile tulisoma kidogo.

Nimeanza. Cha kwanza, mipaka. Cha pili, miaka. Anaitikia kila kimoja: eeh. Cha tano, eeh. Cha nane, kuni, eeh. Hapo nikamwambia ngoja kidogo niandike jambo. Anadhani naandika la kwake, ametulia, ananilindia kifuniko cha kalamu kisianguke.

Wanarudi. Karani anasimama mlangoni anaita jina langu, mara ya pili sasa. Nimeinuka nusu. Mzee kanishika mkono wa shati, haachii.

"Bado, Wakili. Cha tisa kinasemaje?"